Goli Limefika Kwangu Kwanza

Jumatatu, 4 Machi

Asubuhi mbaya. Wateja wengine wamerudisha ving'amuzi. Stoo imejaa mpaka mlango haufungiki. Ving'amuzi vimepangwa kama matofali, rimoti zimerundikwa kwenye ndoo, nyingi zimebandikwa plasta mgongoni ili betri zisidondoke. Ukikitikisa king'amuzi kimoja, mende wanatoka. Hao ndio watazamaji pekee ambao hawajakihama kituo chetu cha michezo. Wanapenda joto.

Mimi ndiye mkuu wa kitengo cha kuwazuia wateja wasihame. Zamani tulikuwa na ghorofa nzima. Sasa tuna safu moja ya meza, karibu na choo.

Mama Mkurugenzi akatuita. Akasema watu wanang'oa madishi na kutazama mpira kwenye simu. Utadhani hatujui! Kiganjani akatabasamu. Huyu ni mkuu wa programu yetu ya simu, kijana asiyevaa soksi. Tumemwita Kiganjani kwa sababu kila sentensi yake inaishia hapo: mpira kiganjani, dunia kiganjani. Mwajiri wetu ni mmoja, lakini kila mteja ninayempoteza mimi anampata yeye. Mimi nikilia, yeye anakinga ndoo.

Kisha Mama akasema lililonikata maini. Kama ving'amuzi havitaacha kurudi mwezi huu, chumba cha watangazaji kitafungwa. Mpira utaonyeshwa kwa kelele za uwanjani tu, kama unavyoonyeshwa kwenye simu.

Chumba cha watangazaji maana yake ni Radi. Radi ni mtangazaji wetu na ni shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu. Hajui kazi nyingine. Akija nyumbani anatangaza hata birika linavyochemka: sasa mvuke unapanda, unapanda, mfuniko unatikisika!

Nikamfuata, nikamwambia asiwe na wasiwasi, aniachie mimi. Akanishukuru sana. Hilo ndilo lililoniuma. Sikuwa na wazo lolote.

Jumatano, 6 Machi

Sitaki kuandika. Naandika.

Kila Jumatano tunasikiliza simu za wateja waliotuhama. Ni utaratibu niliouanzisha mimi. Jina la mteja halitajwi. Sauti inatoka kwenye spika, mimi naisimamisha hapa na pale, nawaeleza wafanyakazi tulikosea wapi. Leo alikuja hata Mama Mkurugenzi. Radi naye alipita kuchukua chai, akabaki amesimama mlangoni.

Simu ya tatu. Mwanamke, sauti ya upole. Nikaisimamisha. Nikasema, sikilizeni, huyu bado hajaondoka, huyu ni wa kubembelezwa. Nikairuhusu iendelee. Binti wetu wa zamu alikuwa akimuuliza kwa nini anaacha. Mwanamke akasema nyumbani hakuna anayekitazama kituo hicho. Binti akauliza, hata baba wa nyumba?

"Baba wa nyumba anafanya kazi hapo hapo kwenu, mwanangu. Yeye mwenyewe anatazama kwenye simu, chooni. Anadhani hatusikii."

Mke wangu! Mama wa watoto wangu! Na sikuitambua sauti yake, maana nyumbani haongei na mtu kwa upole kiasi kile.

Binti aliyeipokea ile simu akainama kufunga kamba za viatu, na alikuwa amevaa kandambili. Kiganjani akapata kikohozi. Radi, ambaye sauti ile ameisikia tangu ikilia kwenye nepi, akaificha sura yake nyuma ya kikombe. Mama Mkurugenzi akaniuliza, kwa heshima kabisa, kama nina la kufafanua. Nikasema mteja huyu ni wa kubembelezwa.

Nilitamani ardhi ipasuke. Haikupasuka. Ina marumaru.

Nyumbani nikamuuliza mke wangu mbona hakunishirikisha. Akasema alinishirikisha. Nilikuwa chooni, nikamwambia asubiri kwanza, kuna kona.

Alhamisi, 7 Machi

Nimepata! Ama kweli aibu ni mwalimu.

Jioni nilikuwa kwenye kibaraza cha nyumba yetu, ghorofa ya pili, namkwepa mke wangu. Mechi inachezwa. Chini yetu anakaa Fundi Cherehani, mmoja wa watu wachache waaminifu waliobaki na king'amuzi. Juu yetu anakaa Mwalimu, ambaye alitukimbia akaenda kwenye simu. Ghafla Fundi akapiga ukelele wa goli. Huko juu nikasikia mguu ukipiga sakafu. Mwalimu akachungulia, akalalamika kwamba Fundi anamharibia kila mara. Kwake mpira ulikuwa bado uko katikati ya uwanja!

Kumbe! Picha yetu inashuka moja kwa moja kutoka kwenye setilaiti. Ya Kiganjani inazunguka kwenye mitambo na minara kama mgeni asiyejua njia, inafika imechelewa karibu nusu dakika. Nusu dakika! Miaka yote hii tumewasifia wateja rangi na ung'avu, kumbe tunauza kitu kitamu kuliko vyote: kujua kabla ya jirani.

Mpango ni huu. Nitaweka spika kubwa kibarazani, niunganishe na king'amuzi, sauti ya Radi isikike nyumba nzima. Kila goli litawafikia watu wa simu likiwa limeshaliwa. Watateseka wiki moja, mbili. Kisha watarudi kwangu wakipiga magoti. Tukifaulu hapa, tunaweka spika kila mtaa. Radi amepona.

Sijamwambia mtu. Wazo zuri ni kama chungu cha maziwa, halipitishwi sokoni.

Jumamosi, 9 Machi

Nimeazima ofisini ile spika tuliyokuwa tukitumia kwenye matangazo ya barabarani. Nimechukua na king'amuzi stoo, kwa kuwa cha nyumbani, kama inavyofahamika sasa na idara zote, kimerudishwa. Nimefukuza mende. Mke wangu akauliza spika ni ya nini. Nikasema ni utafiti. Akasema basi utafiti usikae mbele ya kamba yake ya nguo.

Dakika za mwanzo hakuna kitu. Kisha Radi akaanza kupanda. Radi hapigi kelele ghafla kama watangazaji wa siku hizi. Anaanza chini, anavuta, sauti inapanda ngazi moja moja, mpaka unahisi meno yanakuwasha. Halafu: Gooooli! Vioo vya madirisha vikatetemeka. Uani watu wote walioshika simu wakainua nyuso kunitazama. Nusu dakika baadaye goli likawafikia, hakuna aliyeshangilia. Lilikuwa limepoa kama uji wa jana.

Nilijisikia mfalme.

Mwalimu alishuka na fulana ya ndani. Akaniambia nimemlia goli lake mdomoni. Nikampa pole, nikamweleza kwa ukunjufu kuhusu king'amuzi. Akanitazama kama anavyomtazama mwanafunzi aliyekula chaki.

Mke wangu amesema majirani wataanza kupita njia nyingine wasikutane na sisi. Nikamwambia hii yote ni kwa ajili ya kaka yake. Akatazama spika, akanitazama mimi, akaenda kuanua nguo.

Jumapili, 10 Machi

Siwezi kueleza nilichokiona. Nitajaribu.

Mechi ilipoanza, uani palikuwa na utulivu wa ajabu. Hakuna aliyeshika simu. Mwalimu anasahihisha madaftari. Mama wa ghorofa ya chini anasugua sufuria. Vijana wanaosha pikipiki. Nikasema moyoni, wamekata tamaa! Kesho watakuwa kwenye foleni.

Radi akaanza kupanda. Na hapo wote, kwa pamoja, kama watu wanaoswali nyuma ya imamu mmoja, wakaacha walichokuwa wakifanya, wakafuta mikono, wakatoa simu mifukoni, wakakaa vizuri. Goli likaingia kwangu. Wao wakasubiri, wametulia, wanatabasamu. Goli likaingia kwao. Wakashangilia kwa nguvu, wakarudisha simu mifukoni. Mama akaendelea na sufuria yake.

Mwalimu akanipungia mkono kutoka juu. Akasema hajawahi kuufaidi mpira kama leo. Zile dakika tisini za kusubiri ndizo zilizokuwa zikimchosha, sasa anaitwa tu mambo yanapokuwa matamu.

Fundi Cherehani akapanda ngazi kuja kunishukuru ana kwa ana. Mikononi amebeba king'amuzi chake, waya ameukunja vizuri na kuufunga kwa uzi mwekundu. Aliniomba nimpelekee ofisini, nimwondolee safari.

"Cha nini tena, jirani? Nikimsikia shemeji yako anapandisha, naacha cherehani, nachukua simu ya mke wangu. Wewe umetuokoa."

Nikakipokea. Ningefanya nini? Nikamwambia karibu tena.

Jumanne, 12 Machi

Mama Mkurugenzi ameuliza kwa nini jengo moja tu, lile ninalokaa mimi, limerudisha ving'amuzi vyake vyote kwa siku moja. Kiganjani alikuwa ameegemea kiti, anachezesha kile kifundo cha mguu kisicho na soksi. Kukubali kosa mbele yake? Heri nimeze rimoti.

Nikasema ulikuwa utafiti.

Nikaanza kueleza, na ulimi ukanipokonya usukani. Nikasema nimegundua kwamba watu hawataki kutazama mechi, wanataka kuitwa. Wanataka sauti wanayoiamini iwaambie, njooni sasa. Nikawasimulia sufuria, madaftari, pikipiki. Kadiri nilivyosema ndivyo nilivyojiamini. Mwisho nilikuwa nimesimama!

Mama Mkurugenzi akasema hajasikia wazo la maana hivyo mwaka mzima. Kiganjani akasimama, akanishika mkono kwa mikono miwili, akaniita kaka mkubwa. Akasema simu yenyewe ndiyo itawaita watu, kwa sauti ya Radi, kiganjani.

Nilitoka pale kichwa kimefika darini. Huenda kilikuwa kilemba cha ukoka, lakini jamani, kilinikaa vizuri.

Nikaenda mbio kwa Radi kumwambia amepona, sauti yake itakuwa kwenye kila simu. Alinikumbatia. Akampigia mke wangu kumwambia ameolewa na jabali.

Alhamisi, 14 Machi

Leo Radi amerekodiwa. Nilimshikia maji ya uvuguvugu mwenyewe.

Fundi mitambo alimwomba goli la kichwa, akalitoa. Goli la penati. Goli la mbali. Goli la kujifunga, ambalo alilitoa kwa huruma hata nikamwonea uchungu yule beki ambaye hayupo. Goli la mapema, goli la kusawazisha, goli la dakika za nyongeza. Akaombwa na mikosi yote: mpira umegonga mwamba, mpira umetoka nje, kibendera kiko juu. Kila kitu alikitoa kwa roho moja, macho kafumba, mishipa ya shingo imesimama, mbele ya ukuta wenye sponji, bila mpira, bila uwanja. Alipomaliza fundi mitambo akamuuliza kama kuna aina ya goli iliyosahaulika. Radi akafikiri. Akasema hapana, nadhani hayo ndiyo yote yaliyopo duniani.

Kiganjani alikuwa nyuma ya kioo. Aliniinulia kidole gumba.

Nilihisi kitu tumboni. Nikadhani ni chai.

Ijumaa, 15 Machi

Haikuwa chai.

Chumba cha watangazaji kimefungwa. Mama Mkurugenzi alieleza kwa upole: kituo sasa kina magoli yote ya Radi, hakuna haja ya kumchosha Radi mwenyewe. Kiti chake nimekikuta stoo, kimewekwa juu ya ving'amuzi.

Radi alikuja mezani kwangu na kikombe chake na picha ya mama yao aliyokuwa ameibandika karibu na kipaza sauti. Akaniuliza wazo hili la mlio wa goli lilitoka kwa nani hasa. Nikasema mambo haya huamuliwa na kamati.

Akasema, "Sawa, shemeji."

Hakuna kamati.

Nyumbani mke wangu alikuwa ameshapata habari. Sikukuta makelele. Ningefurahi kukuta makelele. Alikuwa anakunja nguo, hakuniangalia.

"Umemtia kaka yangu kwenye chupa," akasema. "Ukaziba."

Nikamwambia nilikuwa na nia njema. Akasema anajua. Ndiyo maana amechoka.

Jumatano, 20 Machi

Mlio wa goli umeanza kazi, na mji mzima umeshikwa na wazimu. Leo nilikuwa kwenye foleni ya daktari wa meno. Watu wameshika mashavu, hakuna anayezungumza. Mara simu zote zikapiga sauti ya Radi kwa pamoja: Gooooli! Mzee mmoja akaruka, akakumbatiwa na nesi. Kumbe wanampenda kiasi hiki! Na mimi nikakaa pale na jino langu, nimeinamisha kichwa, kama mtu aliyeiba ng'ombe akakaribishwa maziwa yake.

Jioni Radi akaja nyumbani. Nilijifanya natafuta kitu kabatini. Akasema nitoke, kabati ni dogo.

Tukakaa kibarazani. Akanisimulia kwamba mchana alikuwa kwa kinyozi, povu limejaa kidevuni. Simu ya kinyozi ikalia. Akajisikia mwenyewe akishangilia kwa nguvu zote goli ambalo hakuliona, la timu ambayo hakuijua. Kinyozi akamwambia huyo mtangazaji ni hodari sana, sijui yuko nchi gani. Radi akasema na yeye hajui.

Alicheka. Mimi nikajaribu kucheka, nikashindwa. Nikafungua mdomo nimwambie ukweli, kwamba kamati ni mimi. Nikasema hali ya hewa imebadilika.

"Najua ni wewe, shemeji," akasema. "Nilijua tangu siku ya kurekodi. Miaka yote hii hujawahi kunishikia maji."

Wala hakukasirika. Akanigonga bega, akaniomba chumvi kidogo asukutue koo, akaenda zake. Nilibaki pale mpaka mke wangu akanifunika kanga mabegani. Angenipiga nayo ningeelewa.

Naapa hapa, kwenye ukurasa huu: mimi na mipango basi. Basi kabisa.

Jumapili, 24 Machi

Mke wangu alinitoa nyumbani leo, akasema twende tukamwone kaka. Sikuuliza wapi. Siku hizi siulizi.

Ni kiwanja cha vumbi nyuma ya kiwanda cha mikate. Wazima moto wanacheza na wauguzi, watu wazima wenye vitambi, mmoja anacheza kwa soksi tu, bila viatu. Na juu ya benchi, pembeni, amesimama Radi. Hana kipaza sauti. Ana koo lake tu. Nesi wa kiume anapata mpira, Radi anaanza chini, anavuta, anapanda, anamwita mchezaji shangazi wa hospitali, anawacheka wazima moto kwamba wanakimbia kama hakuna kinachoungua. Watu wamejaa pande zote nne. Kinamama, wazee, mafundi. Fundi Cherehani yupo, amefunga duka. Mwalimu yupo, kampakata mwanawe. Hakuna hata mmoja aliyetoa simu.

Goli likaingia. Likatufikia sote wakati mmoja. Mimi pia niliruka. Nilimkumbatia mtu nisiyemjua, tena anayenuka amira.

Mapumziko Radi akatuona. Akashuka kwenye benchi, kafurahi kama bwana harusi. Nikaanza kumwomba radhi, sasa kwa maneno yenyewe, kamati na yote. Akanikatiza.

"Keti hapa, shemeji. Usinisaidie. Keti tu utazame."

Nikaketi. Mke wangu akaketi pembeni yangu, na kwa mara ya kwanza tangu wiki ile akaegemea bega langu. Jua lilikuwa zuri. Kipindi cha pili kikaanza. Nilikuwa nimetulia, nina amani, sina hili wala lile, natazama tu kama nilivyoambiwa.

Nikatazama ule umati. Watu wote wale, wamesimama bure, jua linawachoma, nusu yao wanazibwa na migongo ya wenzao. Na nikawaza: hawa hawataki simu. Hawa wanataka kukusanyika! Kamera mbili tu, moja juu ya paa la kiwanda cha mikate. Turubai kuzunguka kiwanja chote, ili wasiochukua king'amuzi wasione. Stoo tunavyo vya kutosha, ni kufukuza mende tu.

Radi sijamwambia. Kwanza amesema nisimsaidie, na mtu akiwa na furaha haifai kumchanganya na mambo ya ufundi. Nitamshtukiza.

Kesho nawahi kazini, nimwone Mama Mkurugenzi kabla Kiganjani hajafika.